Waliowahi kushiriki mashindano ya hisabati Uganda: mlifanyaje msikate tamaa?

Baki_Moja (mwanzilishi wa uzi)

Habari zenu ndugu. Naandika nikiwa hosteli hapa Wandegeya, Kampala, na nawaomba wenye uzoefu msome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Juzi binamu yangu wa S2 (kidato cha pili), yuko bweni upande wa Tororo, aliazima simu ya matroni akanipigia. Karatasi yake ya mashindano ya hisabati imerudi na alama 6 kati ya 100. Darasani ndiye anayeongoza hesabu tangu aingie S1. Akaniuliza, "Kaka, kumbe mimi sijui hesabu?" Nikamwambia nitampigia Jumapili. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, maana swali hilo nililibeba mwenyewe miaka mitatu.

Mwaka 2019 nilikuwa S2. Mwalimu alichagua wanane waliokuwa juu darasani, tukapakiwa kwenye gari la shule tukapelekwa mashindanoni. Hakuna aliyetuonyesha swali hata moja la aina ile. Swali la kwanza lilikuwa fupi kuliko yote niliyowahi kupewa: 7 ikipandishwa kwenye kipeo cha 2019, tarakimu ya mwisho ni ipi? Nilianza kuzidisha. 7, 49, 343, 2401, 16807... Nilizidisha mpaka karatasi ikajaa, nikageuza nyuma, nikaendelea. Muda uliisha nikiwa bado kwenye swali hilo. Jumatatu iliyofuata alama zetu zilisomwa paredi mbele ya shule nzima, kuanzia ya juu kwenda chini, na mimi nilikuwa wa mwisho kusomwa. Tangu siku hiyo nilifanya hesabu za mtihani tu, nikipata alama zangu na kufunga kitabu.

Kisha Machi 2020 shule zikafungwa. Mnakumbuka ilivyokuwa; kwa wengi wetu hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, karibu miaka miwili. Nilikuwa kwa jjajja, bibi yangu, kijijini. Asubuhi shamba, mchana hakuna kitu. Kitabu cha S3 nilichotoka nacho nilikimaliza mara mbili. Siku moja ya mvua, nikiwa jikoni namngojea jjajja aivishe matooke, nikachukua mkaa nikaandika ukutani zile namba zangu za 2019. Safari hii sikuandika namba nzima. Niliandika tarakimu ya mwisho peke yake: 7, 9, 3, 1, 7, 9, 3, 1. Nikasimama. Zinarudia kila baada ya nne! 2019 ukiigawa kwa 4 inabaki 3, basi jibu ni tarakimu ya tatu katika safu, yaani 3. Mwaka mzima na zaidi ulikuwa umepita tangu niitwe wa mwisho paredi, na jibu lilikaa kwenye mstari mmoja wa mkaa. Jjajja aliuliza nalilia nini. Jina langu hapa limetoka kwenye mabaki yale.

Baada ya hapo nilirudi. S5, mwaka 2023, nilifika raundi ya pili ya mashindano ya taifa yale yanayoandaliwa na Uganda Mathematical Society. Sikuendelea zaidi ya hapo, timu ya taifa niliiona kwenye picha. Ila kuna swali moja la raundi ile nililolifanya kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila hatua ikiwa na sababu yake, na bado naweza kuliandika usingizini.

Naomba kujua: nyie mliendeleaje baada ya alama mbaya? Na mtoto wa S2 mnamwambia nini Jumapili? Sitaki maneno ya "jitie moyo, Mungu yupo". Mungu yupo, lakini mtoto ameuliza kuhusu hesabu.

---

Binti_PCM

Asante kwa uzi huu kaka. Mimi niko S5, PCM (fizikia, kemia na hisabati), na klabu yetu ya hisabati ina watu 11. Msichana ni mimi tu. Nikikosa swali, hakuna anayesema neno, lakini naona wanavyotazamana. Mvulana akikosa, wanamsaidia kusahihisha.

Muhula uliopita nilipata swali moja kati ya kumi. Nimeacha kwenda klabu wiki mbili sasa. Nimewaambia nina prepu ya kemia. Nasoma majibu hapa.

---

Mwalimu_wa_Arua

Nafundisha hisabati sekondari mwaka wa kumi na tano huu. Nianze na Binti, halafu nije kwa mwanzilishi.

Binti, mtafute Maryam Mirzakhani. Alizaliwa Tehran. Alipoingia shule ya kati, mwalimu wake wa hisabati wa mwaka ule hakuona kipaji chochote kwake, naye akakosa hamu na somo. Mwaka uliofuata akapata mwalimu mwingine aliyemtia nguvu. Mwaka 1994 akaleta dhahabu kutoka Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati huko Hong Kong, na 1995 huko Toronto akapata 42 kati ya 42. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Medali ya Fields, moja ya tuzo kubwa kabisa za hisabati. Alifariki 2017 akiwa na miaka 40. Mwenyewe alijieleza kama mtu anayefikiri polepole. Nakuandikia haya kwa sababu ya ule mwaka mmoja wa mwalimu wa kwanza. Angeacha mwaka ule, dunia ingekosa yote yaliyofuata na hakuna ambaye angejua imekosa nini. Rudi klabuni wiki hii.

Sasa mwanzilishi. Kosa la wanafunzi wetu wazuri nimelipima kwa saa. Tazameni karatasi ya kwanza ya hisabati ya S6, ile P425/1, kama tulivyoizoea. Saa tatu. Maswali manane ya sehemu A yote ya lazima, na matano ya kuchagua sehemu B. Ni maswali 13 katika dakika 180, hayafiki dakika 14 kila moja. Mtoto anayefaulu mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, amefunzwa kwa miaka sita kwamba swali lisilofunguka ndani ya robo saa linaachwa. Na ni funzo sahihi kwa mtihani ule!

Olimpiadi ni kitu kingine. Maswali matatu kwa saa nne na nusu, siku ya pili tena matatu. Ni saa moja na nusu kwa swali, na wapo washiriki wanaotoka bila kulimaliza hata moja. Kila swali lina alama 7. Medali hupewa wasiozidi nusu ya washiriki. Na hapa ndipo ninapowaonyesha wanafunzi wangu kila mwaka: asiyepata medali lakini akafanya swali moja tu kwa ukamilifu, akapata 7 kati ya 7, hupewa cheti cha heshima. Wanaoendesha mashindano hayo, ambayo yalianza Romania mwaka 1959, wanaona swali moja kamili linastahili kuandikwa kwenye cheti. Sisi tunalisoma paredi kama aibu.

Kwa hiyo binamu yako mwambie alama 6 hazikupima hesabu anazozijua. Zimepima kitu ambacho hakuna aliyemfundisha, yaani kukaa na swali. Hilo linajifunzika. Kwenye klabu yangu tunafanya swali moja kwa wiki. Linaandikwa Jumatatu kwenye ubao wa nje karibu na jiko, linakaa hapo mpaka Ijumaa. Kila anayesubiri posho (ugali) na maharage analitazama. Hakuna kuonyesha jibu kabla ya Ijumaa, hata kwangu. Mwanzo walilalamika. Sasa hata mpishi huuliza swali la wiki limefikia wapi.

Nawapa la wiki hii. Taksi zetu, zile basi ndogo, hubeba abiria 14. Chukulia kufahamiana ni kwa pande mbili: nikikufahamu, nawe wanifahamu. Thibitisheni kwamba katika taksi yoyote iliyojaa, lazima wapo abiria wawili wenye idadi sawa ya wanaowafahamu humo ndani. Taksi yoyote, hata ya Old Taxi Park ya Kampala saa kumi na mbili jioni ambako hakuna anayemjua jirani yake.

---

Mzazi_Jinja

Mwalimu nakuheshimu, ila niseme upande wetu. Nina watoto watatu shuleni. Kinachofungua mlango wa chuo ni matokeo ya UNEB, na nafasi za ufadhili wa serikali ni chache mno. Mwanangu wa kwanza alipenda sana haya mashindano. S6 alitumia mwisho wa juma kwa maswali ya olimpiadi, fizikia ikaanguka. Alikosa ufadhili kwa alama kidogo tu. Ada nalipa mimi, kwa kuuza mbao.

Sisemi ni mabaya. Nasema anayemtia moyo mtoto aangalie pia nani atalipa.

---

Baki_Moja

Mzee wangu wa Jinja, nakushukuru, na sitakupinga kwa jambo la ada. Mimi mwenyewe muhula wa mwisho wa S6 niliweka maswali hayo sandukuni. Mwalimu wangu ndiye aliyeniambia, "Yatakungoja." Yalingoja kweli. Nadhani S2 mpaka S5 ndiyo miaka yake, na mtahiniwa aachwe afanye mtihani. Mwenye maoni tofauti aseme.

Ila lipo nililolipata huko ambalo matokeo hayaonyeshi. Mwaka huu wa kwanza chuo tumeanza uthibitisho, na wenzangu wengi waliokuja na A za hisabati wameshtuka kwa sababu hakuna fomula ya kuweka namba. Mimi nilishtuka zamani, nikiwa na miaka kumi na nne, na nikapona. Hilo limenifaa kuliko alama.

---

Zamani_Gulu

Nami niseme, nimeacha na sijutii. Nilishiriki mara tatu. Niligundua nilichokuwa nakipenda ni kusafiri na timu na kuvaa ile fulana, swali lenyewe likinikuta peke yangu sikulitaka. Sasa ni fundi wa umeme wa jua, napenda kazi yangu, nikikuta hitilafu naikalia mpaka usiku.

Kwa hiyo mwulizeni mtoto kwanza: anapokuwa peke yake, hakuna anayemwona, analigusa swali? Kama ndiyo, msaidieni. Kama hapana, mwacheni kwa amani, wala asiitwe mwoga.

---

Binti_PCM

Mwalimu, ngoja nijaribu la taksi. Nimekaa nalo tangu jana usiku, na leo kanisani pia, Mungu anisamehe.

Kila abiria anaweza kufahamu watu 0, au 1, au 2, mpaka 13. Hizo ni idadi 14 na abiria ni 14. Hapo nilikwama, kwa sababu inawezekana kila mtu akawa na idadi yake na hakuna wanaofanana. Nilifuta mara nyingi. Kisha nikajaribu kuijenga taksi hiyo kwa mkono. Nikamweka wa 13, anayemfahamu kila mtu. Nikamweka wa 0, asiyemfahamu yeyote. Je, hawa wawili wanafahamiana? Wa 13 anasema ndiyo, wa 0 anasema hapana. Haiwezekani wakapanda taksi moja!

Basi 0 na 13 haziwezi kuwepo pamoja. Zinabaki idadi 13 kwa abiria 14. Lazima wawili wagongane kwenye idadi moja.

Nimeandika vizuri? Sikuuliza mtu wala kutafuta intaneti.

---

Mwalimu_wa_Arua

Umeandika vizuri sana. Sina la kuongeza wala kupunguza. Ungekuwa mtihani ningekupa 7 kati ya 7, na ile hatua ya "nikajaribu kuijenga taksi hiyo kwa mkono" ningeipigia mstari mwekundu wa furaha. Wengi huruka hapo wakaandika tu "kwa kanuni ya matundu ya njiwa" (njiwa wakizidi matundu, wawili lazima walale tundu moja) bila kuona kwamba njiwa na matundu bado ni sawa kwa idadi.

Kesho peleka swali hili klabuni kwenu. Usitoe jibu. Liandike ubaoni, ukae.

---

Mama_wa_Busia

Samahani waalimu na wanafunzi, mimi nauza nguo za mitumba hapa mpakani, shule niliishia P7 (darasa la saba). Nimefuata uzi huu kwa ajili ya mwanangu wa P6 anayependa namba kupita kiasi. Darasani kwao wapo wengi sana, mwalimu hana muda naye. Nifanye nini nyumbani mimi nisiyejua? Vitabu vya mazoezi anavimaliza, kisha anachoka, anasema hesabu ni kurudia-rudia tu.

---

Mwalimu_wa_Arua

Mama, hujachelewa wala hujakosa. Kata boksi vipande kumi, uandike 1 mpaka 10. Mwambie achukue viwili vyovyote, avitupe, na badala yake aweke kipande kipya chenye tofauti yao. Mfano akichukua 9 na 4, anaweka 5. Aendelee hivyo mpaka kibaki kipande kimoja. Mwulize: unaweza kucheza kwa namna gani ili mwisho ibaki 0?

Usimsaidie. Kazi yako ni kukaa karibu naye na kumwuliza, "Umeona nini?" Hilo halihitaji S6.

Mashindano ya mbali mtayaona baadaye. Yale ya Afrika nzima, PAMO, yalianza Morocco mwaka 1987, na mwaka 2023 yalikuwa Kigali, mwendo wa basi moja la usiku kutoka Kampala. Siyo mbali kama watoto wetu wanavyodhani. Lakini kwa sasa boksi linatosha.

---

Binti_PCM

Nimerudi klabuni. Niliandika swali la taksi ubaoni nikakaa kama mwalimu alivyosema. Dakika arobaini hakuna aliyelipata. Mmoja aliniomba nimdokezee, nikamwambia ajaribu kuijenga taksi. Tumeachana saa moja usiku wakiwa bado wanabishana wakienda bwenini. Leo asubuhi wawili wamenifuata na jibu.

---

Baki_Moja

Nimempigia binamu Jumapili. Nilipanga kumweleza mengi, hasa lile la dakika 14 na saa moja na nusu. Nilianza na hilo, akasikiliza, kisha akasema, "Sasa kaka, lile swali la vipande vya boksi uliloniandikia kwenye meseji, ukichukua namba mbili kubwa kwanza inakuwaje?" Tukalifanya kwa simu mpaka muda wa maongezi ukaisha. Alikuwa ameshaona kwamba kila akicheza inabaki namba witiri, isiyogawanyika kwa mbili. Hajui bado kwa nini.

---

Mwalimu_wa_Arua

Usimwambie. Kwa wakubwa waliochoka kungoja: ukiondoa mbili na kuweka tofauti yao, jumla ya vipande vyote hupungua kwa mara mbili ya ile namba ndogo, yaani hupungua kwa namba shufwa, inayogawanyika kwa mbili, kila mara. Mwanzo jumla ni 55. Imeanza witiri, itabaki witiri mpaka mwisho, na 0 ni shufwa. Watoto wasisome hapa.

---

Mama_wa_Busia

Mwalimu, amecheza siku tatu. Juzi alikasirika akavitupa vipande nje, kisha akatoka na tochi kuvitafuta. Jana akaniambia, "Mama, haiwezekani, sifuri haitaki." Nikamwuliza kama ulivyonifundisha, umeona nini? Akasema mwishoni daima ni 1 au 3 au 5, zile zisizogawanyika kwa mbili. Sikujua nimjibu nini nikamwambia aendelee.

Leo jioni amekata kipande kingine mwenyewe, ameandika 11. Anasema pengine kikiongezeka hicho sifuri itakubali. Yupo sakafuni sasa hivi, chakula kimepoa. Je, itakubali?

---

Mwalimu_wa_Arua

Nnyabo, chakula mpashie moto tena. Nawe kaa naye hapo.